Usifomati flashi kabla hujatazama: sifa za faili na jinsi ya kuziona

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyofanyika katika chumba cha kompyuta cha kituo cha jamii, mbele ya vijana, makatibu wa vikundi na wazazi. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Leo nataka tuzungumze juu ya faili za kompyuta, na hasa juu ya alama ambazo kompyuta huziwekea faili hizo. Alama hizo huitwa sifa za faili. Najua wengine watasema jambo hili ni la mafundi. Kwa hiyo nianze kwa kueleza kwa nini linatuhusu sisi sote.

Miaka michache iliyopita, nilipoanza kujitolea katika chumba hiki, mama mmoja wa kijiji chetu aliniletea flashi yake. Ndani yake kulikuwa na picha za marehemu mume wake, zilizopigwa nyumbani Kivu ya Kusini kabla hawajakimbia. Kulikuwa pia na picha ya diploma ya sekondari ya kijana wake mkubwa. Karatasi yenyewe ilipotea njiani.

Niliichomeka flashi, nisione picha hata moja. Niliona vitu viwili vitatu tu vyenye mshale mdogo pembeni. Nikamwambia, "Mama, virusi wameiharibu. Nitaifomati, itakuwa nzima." Mama akakubali, kwa maana alimwamini kijana aliyesoma. Nikaifomati. Ikawa nzima kweli, na ikawa tupu. Tukamwekea nyimbo za kwaya hadi ikajaa.

Baadaye nilihudhuria mafunzo ya kompyuta. Hapo ndipo nilipojua kwamba zile picha zilikuwamo zote. Zilikuwa zimefichwa kwa alama tu, na kuzifichua ni kazi ya dakika chache. Nilikwenda kwa yule mama nikamweleza ukweli. Hakunigombeza. Aliuliza kama kuna dawa. Nikamjibu kwamba, kwa kuwa tulikwisha kuweka nyimbo juu yake, dawa haikuwapo tena.

Ndugu msomaji, sitaki jambo hili limpate mwingine. Wengi wetu tulivuka mpaka na vitu vichache. Leo vyeti, picha na barua zetu zimo katika flashi moja, ndogo kuliko kidole. Basi tujifunze kuitazama vizuri.

SIFA ZA FAILI NI NINI?

Fikiria gunia la unga siku ya mgao. Ndani yake kuna unga. Juu yake kuna maandishi: uzito, tarehe, na aina ya unga. Maandishi si unga, lakini yanakueleza juu ya unga. Mtu akiyafuta maandishi, unga haujapungua. Mtu akiligeuza gunia ili maandishi yasionekane, unga bado umo.

Faili nayo ni hivyo hivyo. Kuna yaliyomo, yaani barua au picha yenyewe, na kuna maelezo juu yake. Maelezo hayo ni jina, ukubwa, tarehe, na zile alama tunazoziita sifa.

Katika flashi nyingi ndogo kompyuta hutunza orodha ya faili, kama rejesta. Mstari mkuu wa kila faili katika orodha hiyo una baiti 32. Baiti ni nafasi ndogo ya kutosha herufi moja tu. Kati ya hizo 32, baiti moja tu ndiyo inayobeba sifa. Ndani ya baiti hiyo kuna swichi ndogo za kuwasha na kuzima. Mpango huu ulitoka kwenye kompyuta za DOS za miaka ya 1980, nao unatumika hadi leo katika Windows.

Swichi zinazotuhusu ni nne, na kila moja ina herufi yake:

R ni faili ya kusoma tu. Ukiifungua unaweza kuisoma, lakini ukibadilisha maneno kompyuta haitakubali kuhifadhi juu yake. Itakuomba jina jipya.

H ni faili iliyofichwa. Ipo, lakini haionyeshwi katika orodha ya kawaida.

S ni faili ya mfumo, yaani mali ya kompyuta yenyewe kwa ajili ya kazi zake. Kwa kawaida nayo haionyeshwi.

A ni faili inayongoja kunakiliwa. Kompyuta huiwasha kila faili inapoandikwa upya au kubadilishwa, ili programu ya kutunza nakala ijue kwamba hii bado haijachukuliwa.

Swichi ikiwashwa au ikizimwa, yaliyomo katika faili hayaguswi. Hilo ndilo jambo kubwa la mazungumzo ya leo. Usilisahau.

NAMNA YA KUZIONA

Njia ya kwanza ni rahisi. Weka kipanya juu ya faili, bonyeza kitufe cha kulia, kisha chagua neno "Properties". Kisanduku kitafunguka. Utaona jina la faili, aina yake, mahali ilipo, ukubwa wake na tarehe tatu. Chini utaona viboksi, vikiwamo hivi viwili: "Read-only", ambayo ni R, na "Hidden", ambayo ni H. Chenye alama ya vema kimewashwa.

Usishtuke ukiona kiboksi cha "Read-only" kimejazwa kwenye folda. Kwa folda, Windows hutumia alama hiyo kwa mambo yake yenyewe. Haina maana kwamba folda yako imefungwa.

Njia ya pili ni kuiambia kompyuta ionyeshe vilivyofichwa. Katika Windows 10, fungua folda, nenda kwenye "View" juu, kisha weka vema kwenye "Hidden items". Katika Windows 11 utaipata ndani ya "View", kisha "Show". Vilivyofichwa vitaonekana kwa rangi iliyofifia. Hapo hapo weka vema pia kwenye "File name extensions", ili uone herufi za mwisho za jina la kila faili. Faili inayojiita picha lakini inaishia kwa .exe si picha. Ni programu, na huenda ni virusi. Usiifungue.

Njia ya tatu ni ya kuandika amri. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Wengi huliogopa, lakini halina ubaya. Tuseme flashi yako ni herufi E. Andika:

attrib E:\*.*

Utaona majina ya faili, na mbele ya kila jina zile herufi zake: A, S, H au R. Hii ndiyo njia inayoonyesha zote nne kwa pamoja. Lakini haiorodheshi folda. Ukitaka kuona folda na faili zote, hata zilizofichwa, andika:

dir E:\ /a

Amri hizi mbili hazibadilishi kitu. Zinatazama tu. Zoea kutazama kwanza.

FLASHI INAYOSEMEKANA IMEKUFA

Sasa turudi kwa flashi ya yule mama. Zamani virusi wa flashi walikuwa wakijiwasha wenyewe mara flashi inapochomekwa. Mwezi Februari 2011 kampuni ya Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuzuia jambo hilo katika Windows za zamani. Basi watengenezaji wa virusi wakatafuta hila nyingine, yaani kumfanya mtu awashe virusi kwa mkono wake mwenyewe.

Hila ni hii. Kirusi akiingia katika flashi, anawasha H na S kwenye folda zako zote. Zinatoweka machoni. Kisha anaweka mahali pake vitu vya bandia vyenye majina yale yale, na mshale mdogo pembeni. Wewe unaona jina la folda yako, unabonyeza mara mbili, na hapo umemfungulia mlango kirusi aingie katika kompyuta. Kila flashi itakayochomekwa baada yako itapata ugonjwa huo huo.

Fanya hivi, hatua kwa hatua:

Kwanza, usibonyeze chochote chenye mshale, na usikubali kufomati, hata kompyuta ikiuliza. Haraka haraka haina baraka.

Pili, pima kama debe lina kitu. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya flashi yenyewe, chagua "Properties", utazame panapoandikwa "Used space", yaani nafasi iliyotumika. Kama huoni faili lakini nafasi iliyotumika ni kubwa, vitu vyako vimo. Vimefichwa tu. Ningalifanya hatua hii moja siku ile, yule mama angekuwa na picha zake leo.

Tatu, ikague flashi kwa programu ya kuzuia virusi. Windows 10 na 11 zinayo ndani yake. Programu ikiuliza ifanye nini, mwondoe kirusi, lakini soma kwanza jina la kitu kinachofutwa.

Nne, fungua lile dirisha jeusi, uandike amri hii, ukiacha nafasi mahali pake:

attrib -h -s -r E:\*.* /s /d

Alama ya kutoa maana yake zima. Tunazima H, S na R. Herufi /s inasema pita katika folda zote za ndani, na /d inasema gusa na folda zenyewe. Kama flashi yako si E, andika herufi yake.

Mtu ataniuliza: kwa nini nisiondoe vema la "Hidden" tu katika kile kisanduku? Kwa sababu S ikiwa imewashwa, kiboksi hicho hufifia na hakikubali kubonyezwa. Lazima H na S zizimwe pamoja, na amri hii ndiyo inayofanya hivyo.

Tano, fungua flashi. Mara nyingi folda zako zitakuwa zimerudi. Lakini wakati mwingine utaona folda moja isiyo na jina kabisa. Usiifute! Kuna virusi wanaokusanya vitu vyote vya mtu na kuvitia katika folda ya namna hiyo. Ifungue, uvitoe vitu vyako. Ukiona folda iitwayo "System Volume Information", hiyo ni ya Windows. Iache.

Sita, nakili picha na hati zako mahali salama, na zile tu unazozitambua. Kisha futa vitu vya mishale. Mwisho, kompyuta iliyoambukiza lazima isafishwe nayo. Ukiirudisha flashi katika kompyuta yenye ugonjwa, kesho utakuwa pale pale.

Asiye na kompyuta karibu anaweza kutumia simu ya Android yenye waya wa kuunganisha flashi. Mara nyingi simu hizo hazijali alama ya H ya Windows, kwa hiyo huonyesha folda zako kama kawaida. Ni njia nzuri ya kujua kama vitu vimo kabla hujafanya jambo lolote.

Na kama flashi imekwisha kufomatiwa? Usiweke kitu chochote ndani yake, hata wimbo mmoja. Kufomati kwa haraka hufuta rejesta, si lazima na yaliyomo. Kuna programu zinazoweza kuyatafuta, ingawa mara nyingi picha hurudi bila majina yake ya zamani. Lakini kila kitu kipya unachoweka kinaweza kukaa juu ya cha zamani, na kilichofunikwa hivyo hakirudi.

TAREHE ZISIWAGOMBANISHE

Katika kikundi kimoja cha kuweka na kukopa palitokea ugomvi. Katibu alileta muhtasari wa mkutano, ulioandikwa kwa kompyuta. Mwanachama mmoja akafungua kisanduku cha sifa akaona kwamba faili "imeundwa" miezi mitatu baada ya mkutano. Wakamwita katibu mwongo, wakataka aondoke.

Tulipotazama pamoja tuliona tarehe mbili. "Created", yaani kuundwa, ilikuwa ya karibuni. "Modified", yaani kubadilishwa mara ya mwisho, ilikuwa ya siku moja baada ya mkutano. Inawezekanaje kitu kibadilishwe kabla hakijaundwa? Sababu ni kwamba katibu alinunua flashi mpya na kunakili faili zake. Unaponakili faili kwenda mahali pengine, Windows huandika siku ya kunakili kuwa siku ya kuundwa kwa nakala hiyo. Tarehe ya kubadilishwa hubaki ile ile. Katibu hakudanganya.

Lakini tusiende mbali upande wa pili pia. Tarehe hizi zinatoka kwenye saa ya kompyuta, na saa hiyo mtu yeyote anaweza kuibadilisha. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta hurudi mwaka wa nyuma sana, na faili zote za siku hiyo huandikwa mwaka huo. Kwa hiyo tarehe ya faili si ushahidi wa kutosha wa kumhukumu mtu, wala wa kumtetea. Muhtasari wa kikundi uchapwe, usomwe mbele ya wanachama, utiwe sahihi. Kalamu bado ina kazi yake.

KUFICHA SI KUFUNGA

Vijana wengine wamegundua kwamba wanaweza kuweka vema kwenye "Hidden" na faili ikatoweka. Wanafurahi, wanaacha barua zao za siri katika kompyuta ya watu wote. Ndugu zangu, hiyo ni sawa na kuficha ufunguo chini ya jiwe la mlangoni. Anayekuja baada yako akiweka vema kwenye "Hidden items", anaona kila kitu.

Hili ni jambo la usalama. Kuna watu wanaoandika hapa maelezo ya kesi zao, majina ya ndugu waliobaki nyumbani, na sababu zilizowafanya wakimbie. Maneno hayo yakisomwa na mtu asiyehusika, yanaweza kumdhuru aliye mbali. Usiyaache katika kompyuta ya kituo, hata kwa kuyaficha. Yahifadhi katika flashi yako, ondoa nakala kwenye kompyuta, kisha umwage na pipa la takataka la kompyuta, yaani "Recycle Bin". Hati ya Word unaweza kuifunga kwa neno la siri. Hicho ndicho kifungo cha kweli, lakini ukilisahau neno hilo, na wewe utabaki nje.

Alama ya R nayo si kufuli. Inasaidia mtu asiharibu kitu kwa bahati mbaya. Mfano mzuri ni barua ya kuomba kazi. Wengi hufungua barua ya mwenzao ili waifuate, wakabadilisha jina, wakahifadhi juu yake, na mwenye barua akapoteza yake. Ukiiwekea vema la "Read-only", kompyuta itamwomba huyo mwenzako jina jipya, na yako itabaki salama. Lakini mtu aliyekusudia kuiharibu anaweza kuliondoa vema hilo kama ulivyoliweka wewe. Kwa hiyo R haichukui nafasi ya nakala ya pili.

Juu ya herufi A nina neno moja kwa makatibu wanaotumia amri ya xcopy yenye /m. Amri hiyo hunakili faili zenye A tu, kisha huizima A. Kama katibu amenakili leo asubuhi kwenye flashi yake, mwenyekiti akitumia amri hiyo hiyo jioni hatapata faili hizo, kwa sababu A imekwisha kuzimwa. Atafikiri ana nakala kamili, kumbe hana. Chagueni flashi moja ya nakala, na mtu mmoja wa kuitunza.

YA KUKUMBUKA

Kutoonekana si kupotea. Tazama nafasi iliyotumika kabla ya kusema flashi ni tupu.

Usibonyeze folda yenye mshale usiyoiweka wewe.

Usifomati, na usikubali mtu mwingine akufomatie, mpaka sifa zimetazamwa. Anayekuambia "nitaifomati itapona", mwulize kwanza: "Umetazama kama vitu vimo?" Mwulize hata kama amesoma. Mwulize hata kama ni mimi.

Picha na vyeti usivyoweza kuvipata tena, viweke mahali pawili: flashi mbili, au flashi na simu ya ndugu unayemwamini.

Kama una flashi nyumbani uliyoambiwa imekufa, usiitupe na usiwape watoto wachezee. Ilete katika chumba cha kompyuta, katika saa ambazo kituo kiko wazi. Tutakaa pamoja mbele ya kompyuta, wewe ukitazama kwa macho yako, na hatutagusa kitu bila ruhusa yako. Hatuwezi kuahidi kwamba kila kitu kitapatikana, lakini tutatazama kwanza.

Yule mama bado tunaonana kisimani. Kijana wake alipata picha moja ya baba yake kutoka kwa mjomba aliye kambi nyingine. Waliiweka katika flashi ile ile, na nakala ya pili wameniachia mimi niitunze. Ninaitunza.